Gauni la Kupigia Selo

Pale Newala mjini ukiuliza fundi mzuri wa nguo za kike, watu hawatakutajia jina. Watakuambia nenda kwa Mama Leonia, barazani pa duka la vyombo karibu na soko, na kama wanakupenda watakuonya kabisa kwamba anashona vizuri lakini ana mdomo. Yote mawili ni kweli. Magdalena, maana ndilo jina alilobatizwa, amewashonea maharusi wengi mno, hata ukisema nusu ya ndoa za mji huu zilianzia kwenye kikanyagio cha cherehani yake hutakuwa umetia chumvi nyingi. Na mdomo anao. Mteja akija na simu yenye picha ya binti mwembamba wa Dar es Salaam, akataka mshono uleule, Magdalena humtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. Kisha humwambia, "Nguo hii nitakushonea, mama, lakini huyu dada aliye ndani yake siwezi kukushonea."

Wengi hucheka. Wachache hununa wakaenda kwa mafundi wengine, halafu Krismasi ikikaribia unawaona haohao wamerudi barazani, wamebeba vitambaa na nyuso za unyenyekevu.

Mtu wa namna hiyo ungedhani hana linalomkosesha usingizi. Alikuwa nalo moja, nalo lilikuwa la mwanawe.

Leonia, mtoto wake wa kwanza, alikuwa mwalimu wa hisabati kwenye sekondari moja upande wa Nanganga, ukishuka kutoka Newala uipite Masasi. Alipokuwa chuoni Dar es Salaam alijifunza kupiga selo, ile fidla kubwa yenye sauti nzito, na akaijua vizuri kiasi kwamba okestra moja ya huko ikawa inamwita kila likizo. Sasa walikuwa wamemwambia aje moja kwa moja: awe mpigaji wao na afundishe watoto kwenye darasa lao la muziki. Leonia alitaka kwenda, alitaka mpaka alikonda. Mama yake alitaka alichokitaka mwanawe. Aliyekuwa hataki ni Gervas.

Msomaji asiyetoka huku anaweza kuuliza Gervas anahusikaje. Gervas ni kaka yake Magdalena, na kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba hulea, na marehemu Pancras alimlea Leonia vizuri sana, lakini neno la mwisho juu ya mpwa hutoka kwa mjomba wake. Asipolitoa, hakuna atakayemfunga binti kamba. Ataondoka, lakini ataondoka kama mtu aliyetoroka, na Leonia hakuwa tayari kutoroka kwao.

Gervas analima mikorosho kule Mnyambe. Ni mtu mwenye akili na mwenye mapenzi na watoto wa dada yake, tatizo lake ni kwamba amepigwa sana na mikorosho. "Mshahara wa serikali hauugui ubwiri unga," ndivyo alivyokuwa akisema, akiutaja ugonjwa wa mikorosho, kila habari ile ilipoletwa mbele yake. "Mimi kila mwaka napuliza salfa hadi nakohoa unga, na bado maua yanaungua. Mtoto kapata mti unaozaa kila mwezi bila kupuliziwa, halafu mnataka nimwambie aukate." Ukimjibu, anakuuliza kama okestra ina pensheni. Hapo mazungumzo yalikuwa yakiisha.

Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Ndipo ikaja habari kwamba okestra ile ingezunguka mikoa ya kusini wakati wa likizo ya kati, ikianzia Mtwara na kumalizia Newala, na kwamba usiku wa Newala wapigaji wawili wa mbele watakuwa kijana mmoja wa fidla anayeitwa Twahiru, na Leonia mwenyewe na selo yake. Magdalena alipanda bodaboda siku hiyohiyo hadi Mnyambe. Alimkuta kaka yake amejifunga kitambaa puani, mweupe mzima kwa salfa, akamwambia aje asikilize walau mara moja kabla ya kukataa tena.

Gervas alikivua kitambaa kile. "Nitakuja," akasema. "Nitasikiliza. Nikishasikiliza nitasema, na nikisema msinirudie tena na habari hizi."

Basi ndiyo ikawa hivyo: jioni moja, ukumbi mmoja, na jibu moja. Magdalena alirudi nyumbani akiwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja.

Sasa, mtu mwingine angeuachia muziki ufanye kazi yake. Magdalena hakuwa na imani kiasi hicho. Aliwaza kwamba kaka yake masikio yake ni ya kawaida, lakini macho anayo. Ni mtu wa kaunda suti zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe, mtu anayeweza kukuambia harusi fulani ya zamani bibi harusi alivaa nini. Kwa hiyo aliamua kumshonea mwanawe gauni ambalo Gervas akiliona tu atajua kwamba kazi hii ni ya heshima. Na aliamua kulishona kwa siri, apate kumfurahisha.

Wanawake wa ukoo nao walikuwa wameshalichukulia jambo lile kama harusi. Walinunua sare, kitenge cha rangi ya wino chenye maua makubwa ya njano, kila mmoja na gauni lake na kilemba chake. Magdalena alichukua kitenge kilekile kwa ajili ya Leonia, ili atakayemwona mbele ajue mara moja ni wa akina nani. Vipimo havikumsumbua, mwili wa mwanawe anaujua kwa viganja. Kilichomsumbua ni mkono.

Maana lazima niseme hapa kwamba Magdalena hakuwahi kuona selo ikipigwa. Simu yake ni kitochi. Leonia alikuwa akimpigia kutoka Dar es Salaam, anaiweka simu mezani, anampigia mama yake wimbo mmoja au miwili, na mama anasikiliza huku amezima redio. Picha aliyokuwa nayo ni ile ya ukutani, Leonia amesimama kando ya selo ameishika shingo, kama mtu aliyepiga picha na shangazi yake. Na mpiga zeze aliyemwona utotoni kwenye vilabu vya pombe alikuwa akisimama wima, kibuyu kifuani, mkono unakwenda na kurudi. Magdalena akajumlisha. Mwanawe husimama, akaikumbatia fidla ile kubwa, na mkono wa kulia hufanya kazi sana.

Kwa hesabu hiyo alilikata gauni. Kwapani aliachia nafasi ya kutosha, bega akalilegeza kwa ufundi ambao hata leo anausimulia. Kuanzia kiunoni kwenda chini akalibana. Alilibana mapajani, akalibana magotini, halafu chini ya magoti akalifungua likachanua kama mkia wa samaki. Ilikuwa nguo nzuri kuliko zote alizowahi kushona, na yeye mwenyewe alijua. Aliitundika barazani chini ya shuka, akawa kila baada ya muda anaifunua kidogo anaitazama.

Siku ya onyesho, baada ya chakula cha mchana, aliikunja akaitia kwenye mfuko, akaenda ukumbini ambako okestra ilikuwa kwenye mazoezi ya mwisho. Alisukuma mlango taratibu. Wapigaji walikuwa wamekaa nusu duara, na mbele yao kiongozi wao, bwana mrefu aitwaye Arthur, alikuwa akieleza jambo. Leonia alikuwa amekaa mbele kabisa. Magdalena akadhani anapumzika.

Arthur aliinua mkono. Leonia akaivuta selo karibu, akaiweka katikati ya magoti, akaanza kupiga.

Kwa muda mama yake hakusikia kitu. Aliona magoti tu. Leonia alikuwa amevaa suruali ya jinzi na hapakuwa na ubaya wowote, lakini Magdalena hakuwa akiiona jinzi, alikuwa akiliona gauni lililokuwa ndani ya mfuko. Akamwona kwa mawazo Gervas wa usiku ule, mstari wa kwanza, mikono juu ya magoti yake mwenyewe.

Halafu muziki ulimfikia. Sauti aliyoizoea kwenye kitochi, nyembamba kama nyuki aliye ndani ya kopo, kumbe ilikuwa na tumbo na kifua. Ilitokea kwenye sakafu ikampanda miguuni. Magdalena alisimama pale mlangoni, mfuko mkononi, akawa na furaha isiyo na aibu hata kidogo, na kwa muda ule hakukumbuka gauni wala kaka yake. Wimbo ulipokatika, akakumbuka vyote viwili.

Leonia alikuwa ameshamwona. Alikuja mbio, akauchukua mfuko kabla mama hajaamua kuuficha, na alipolitoa gauni alipiga kelele wapigaji wote wakageuka. Akamvuta mama yake kwenye chumba cha pembeni kwenda kulijaribu.

Lilimkaa. Ndilo lililouma. Lilimkaa kama vile kitenge kilifumwa mwilini mwake. Leonia alijizungusha, akajishika kiuno, akacheka, na baada ya hapo akavuta kiti akakaa. Magoti yake yalibaki yamegusana, kama ya mgeni wa heshima kwenye sebule ya watu. Alijaribu kuyatenganisha. Uzi ulilia kidogo, akaacha.

Magdalena aliinama akaupapasa mshono ule.

"Si kitu, mama," Leonia akasema upesi. "Nina sketi yangu nyeusi. Nitapiga na sketi, halafu mwisho nitakuja kuvaa hili, nitoke nalo kuwainamia watu."

"Sketi yenyewe ikoje?"

"Ya kawaida tu."

"Inafika wapi ukikaa hivyo?"

Leonia alicheka. "Mama, selo inapigwa hivi dunia nzima."

"Dunia nzima haina mjomba Gervas."

Leonia aliinuka kitini. Alianza kulivua gauni polepole, kwa uangalifu mkubwa, akilikunja kama kitu kilichokwisha kazi, na huku akisema maneno mengi mazuri juu ya mabega yake. Magdalena aliona kwamba mwanawe anambembeleza, na hilo lilimchoma kuliko kosa lenyewe. Amewaambia wanawake wa mji mzima ukweli kuhusu viuno vyao, halafu leo anapewa maneno ya kumtuliza na mtoto wake.

"Lete," akasema, akalichukua. "Wewe rudi ukapige. Na nguo hii utaikalia leo, si kuinamia."

Barazani kwake aliwakuta wanawake wa ukoo wameshafika, wamevaa sare, wanafungana vilemba. Mdogo wake, Devotha, ndiye aliyekuwa na kilemba kikubwa kuliko wote, kimepanda juu kama mtungi. Magdalena aliwaeleza habari kwa maneno machache, akachukua wembe, akalilaza gauni juu ya meza.

Hapo mkono ulisita. Si rahisi kulifumua jambo ulilolifanya vizuri. Kama angekuwa amekosea mshono asingeona uchungu, lakini mshono haukuwa na kosa, ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula, na sasa ilikuwa lazima aukate kwa sababu tu alishona nguo ya mtu anayesimama. Alipitisha wembe. Kuanzia nyongani hadi chini, mbele, nyuma na ubavuni, mishono ile ilifumuka mmoja baada ya mwingine.

Wazo lilikuwa kutia vipande vya pembetatu kwenye kila mshono, vyembamba juu na vipana sana chini, ili sketi ifunguke na kuanguka mpaka sakafuni hata magoti yakae vipi. Lakini vipande hutoka kwenye kitambaa, na kitenge kile kilikuwa kimekwisha mjini. Jora zima lilikuwa miilini mwa wanawake wale.

Magdalena aliinua macho akawatazama vichwa.

Devotha aliwahi kukishika chake kwa mikono miwili. "Dada, hapana. Hiki nimefungwa na fundi."

"Na kitafunguliwa na fundi."

"Dada, nywele sijasuka. Nimekitegemea hiki kinisitiri. Nitakaa mbele za watu na kichwa hiki?"

"Utakaa. Watu wanakuja kumwangalia Leonia."

"Na wakiniangalia mimi?"

"Wataangalia mara moja tu," Magdalena akasema, "hawatarudia."

Wanawake walicheka mpaka mwenye duka la vyombo akatoka kuchungulia. Devotha naye akacheka, kwa hasira, akakifungua kilemba. Nywele zilizokuwa chini yake, kwa kweli, zilihitaji kusitiriwa. Wengine nao walifungua vyao bila kuambiwa, wakavirundika mezani, na kazi ikaanza. Magdalena alikata na kuungia, Devotha alikanyaga cherehani, waliobaki walikaa kwenye ngazi wakikunja pindo kwa mkono na kubishana ua gani lielekee juu. Baridi ya jioni ilianza kupanda kutoka bondeni, ukungu ukafika mpaka kwenye paa za soko, na wao walikuwa wakitoka jasho. Pindo la mwisho halikuwahi kushonwa. Magdalena alilipiga bandi, mishono mirefu ya kushikizia tu, akaomba kimoyomoyo ihimili saa mbili za onyesho.

Gervas aliwakuta kwenye lango la ukumbi. Alikuwa amekuja na bodaboda kutoka Mnyambe, kaunda suti ya kijivu ndani ya koti la mvua, na alipolivua koti suti haikuwa na hata kunyanzi moja.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona mko vichwa wazi na sare zenu? Mmeibiwa?"

"Tumeibiwa, kaka," Devotha akajibu, "na mwizi ndiye huyu unayesalimiana naye."

Waliingia. Ukumbi ulikuwa umejaa walimu, wafanyabiashara, wakulima waliotoka vijijini kwa pikipiki, masista wa parokia, mashehe wawili, na watoto wengi kuliko viti. Gervas alipewa kiti mstari wa kwanza, Magdalena akaketi kushoto kwake. Okestra ilianza peke yake, nyimbo mbili, watu wakapiga makofi ya adabu kama wanaomsikiliza mgeni rasmi. Kisha Arthur akageukia pembeni, akanyoosha mkono, na Twahiru akaingia na fidla yake, nyuma yake Leonia.

Vigelegele viliruka kutoka mstari wa sare. Leonia alitembea mpaka kwenye kiti chake, akakaa, akaivuta selo.

Magdalena hakumtazama. Alimtazama Gervas.

Aliyaona macho ya kaka yake yakishuka kutoka usoni kwa Leonia kwenda chini. Yakafika sakafuni, yakabaki hapo. Ndipo na yeye akageuka kutazama. Sketi ilikuwa imefunguka pande zote mbili za selo na kumwagika mpaka chini, maua ya vilemba yameingia katikati ya maua ya gauni, na hapakuonekana goti wala mguu, ilionekana nguo na chombo.

"Umeshona wewe?" Gervas akauliza bila kugeuza kichwa.

"Mimi."

"Imekaa vizuri."

Kwa Gervas hayo ni mengi. Magdalena alipumua kwa mara ya kwanza tangu mchana, na muziki ukaanza.

Ilikuwa kazi iliyotungwa kwa ajili ya vyombo viwili hivyo pamoja na okestra nzima nyuma yao. Fidla ya Twahiru ilitangulia, nyepesi na yenye haraka, inapanda, inachezacheza huko juu. Selo ikajibu chini, taratibu, ikalichukua neno la mwenzake na kulisema upya kwa namna ya mtu mzima. Lakini kabla haijamaliza, fidla ikaingia tena.

Gervas alisonya.

Lilikuwa sonyo dogo, ila Magdalena alilisikia vizuri sana. Akamtazama kwa jicho la pembeni. Kaka yake alikuwa amekunja uso.

Sehemu ya pili ilikuwa ya polepole. Okestra ilishuka mpaka ikabaki kama upepo tu, fidla ikanyamaza, na Leonia akabaki peke yake. Alipiga akiwa amefumba macho, upinde unakwenda mrefu mpaka unadhani utafika ukutani. Ukumbi ulikaa kimya, si kile kimya cha adabu cha mwanzo. Bibi mmoja nyuma alianza kuitikia, "Ee," polepole, kila selo ilipopumua, kama tunavyomwitikia mtu anayetusimulia jambo zito. Akadakia mwingine, "Ee." Baada ya muda mfupi nusu ya ukumbi ilikuwa ikimwitikia Leonia, kwa sauti ya chini, pale panapostahili, na Arthur alipogeuka kuona kuna nini alikuwa akitabasamu. Magdalena alikuwa akilia na hakujisumbua kujificha. Alijivuna na mwanawe waziwazi, kwa moyo wote, na alitamani marehemu Pancras angekuwepo amsikie.

Ndipo fidla ikaingia. Gervas akasonya tena, kwa nguvu, mpaka sista aliyekaa upande wa pili akamtazama.

Furaha ya Magdalena ilikatika kama uzi. Basi, akawaza. Ameshachukia. Ameshaamua, na atasema, na akisema hakuna kurudi. Sehemu ya mwisho ilikuwa ya kasi, watu walipiga makofi kufuatisha mapigo, watoto walicheza kwenye njia ya katikati, Devotha alisimama na nywele zake zote akarusha mikono juu, na wapigaji wenyewe walikuwa wakicheka huku wanapiga. Magdalena alipiga makofi pamoja na watu, lakini moyo wake ulikuwa umehamia kwenye kiti cha jirani.

Ilipokwisha, ukumbi mzima ulisimama. Leonia na Twahiru waliinama, wakainama tena, wakaitwa mara nyingine. Hatimaye wakashuka wakaja moja kwa moja mstari wa kwanza, Leonia mbele, ameshika sketi yake kwa mkono mmoja maana bandi ilikuwa imeanza kuachia.

Alipiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Kisha Gervas akamgeukia Twahiru, akampa mkono, akaendelea kuushika. "Wewe kijana, kwenu wapi?"

"Tanga, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Huko Tanga hamfundishwi kumwacha mtu amalize kusema?"

Twahiru alimtazama Leonia. "Sijaelewa, mzee."

"Mwenzako ameanza jambo la maana, tunamsikiliza, wewe unaingia. Ananyamaza kwa adabu, anaanza tena, watu wanamwitikia, unaingia. Mimi nimevumilia sana pale nilipokaa."

Hapo Magdalena akaelewa. Yale masonyo hayakuwa ya Leonia, yalikuwa ya fidla.

Leonia alikuwa akijizuia kucheka. "Mjomba, hakosei. Ndivyo ilivyoandikwa. Ni mazungumzo ya watu wawili."

"Aliyeandika alimpendelea huyu."

"Hakumpendelea mtu, mjomba."

"Nina masikio." Gervas aliuachia mkono wa Twahiru. "Hakuna iliyoandikwa ya kwako peke yako?"

"Zipo nyingi sana. Lakini hizo zinataka mazoezi ya kila siku, na kule Nanganga sina selo."

"Huna kivipi? Si hiyo hapo?"

"Hii ni ya okestra, inakaa Dar es Salaam. Nikiwa shuleni jioni nachukua mpini wa fagio, nafanyia vidole juu yake ili visisahau."

Watu walikuwa wakiwapita kuelekea mlangoni, wengine wakimgusa Leonia begani, na yeye Gervas alikuwa akivitazama vidole vya mpwa wake. Halafu alimgeukia dada yake, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Magdalena hakuwa amekiona kwa miaka mingi.

"Miaka yote hii mnaniletea habari za kazi, kazi, mshahara, mshahara. Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto anapiga fagio."

"Wewe ndiye ulikuwa na habari za mshahara, kaka. Sisi tulikuwa tunakujibu."

Aliipokea hiyo, bila kubisha. Akainyoosha suti yake, ijapokuwa haikuwa na haja.

"Mwalimu wa hisabati serikali italeta mwingine," akasema, na sasa alikuwa akisema kwa sauti ambayo wanawake wote wa sare waliisikia, maana neno la mjomba husemwa likasikika. "Leonia, nenda. Mimi mjomba wako nimesema. Nenda ukajifunze hizo za kwako peke yako, na siku ukija kuzipiga hapa uniambie mapema nije na watu wa Mnyambe. Huyu kijana naye aje, ni mpigaji mzuri, lakini siku hiyo akae nyuma."

Vigelegele vilivyopigwa hapo havikupigwa hata wakati wa onyesho. Devotha alimkumbatia Twahiru asiyemjua, na Leonia akamwangukia mjomba wake kifuani, suti ikapata makunyanzi yake ya kwanza.

Magdalena alikuwa amesimama mahali pake. Alikuwa amelipigania neno lile kwa miaka mitatu, alikuwa amelishonea gauni na kulifumua, na lilipokuja ndipo alipoona kilichokuwa nyuma yake. Kutoka Nanganga, Leonia akimaliza vipindi Ijumaa, usiku anakula kwa mama yake. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya kutwa nzima, na mtu haji kula na kurudi. Hakuwa amewahi kuwaza hata siku moja yatakayofuata baada ya ndiyo ya Gervas. Machozi yalimtoka upya, na haya hayakuwa yale ya ukumbini.

Gervas alimwona, juu ya bega la Leonia. "Sasa unalia nini, Magdalena? Si ndilo ulilokuwa ukilitaka?"

"Ndilo."

"Basi?"

"Niache nilie kidogo, kaka," akasema, huku anajifuta kwa upindo wa sketi ya mwanawe. "Nikimaliza nitacheka."